Safari ya Neno kutoka Ziwa la Ng'ombe

Mwezi Juni mwaka 2009, karibu na kuta za Fort Jesus, Rais Mwai Kibaki aliupokea mkongo wa mtandao uitwao TEAMS, uliotandazwa chini ya bahari kwa masafa ya takriban kilomita 5,000 kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu hata Mombasa; na mwezi uliofuata, tarehe 23 Julai, mkongo mwingine uitwao SEACOM ukaanza kazi, ukafuatwa mwaka 2010 na EASSy, na mwaka 2012 na LION2 uliopanda pwani ya Nyali. Haikuwa mara ya kwanza bahari hii kubeba maneno ya watu, kwa kuwa waya wa telegrafu ulivutwa kutoka Unguja mpaka Mombasa mwaka 1890, na Unguja yenyewe ilikwisha kuungwa na Aden tangu mwaka 1879. Lakini telegrafu ilikuwa chombo cha serikali na cha matajiri wa biashara, ilhali mikongo hii mipya ilikusudiwa kumfikia kila mwenye simu mkononi, awe tajiri au fukara, awe mwenye nyumba au mpangaji.

Ziwa la Ng'ombe ni jirani wa karibu wa mikongo hiyo. Ni wadi katika eneobunge la Nyali, nayo kabla ya mipaka mipya ilihesabiwa pamoja na Kisauni. Mtu akivuka Daraja la Nyali kutoka kisiwani, akalipita soko la Kongowea, akashika njia ya Bombolulu, huwa hana mwendo mkubwa uliosalia. Karibu maneno yote ya Kenya yatokayo ng'ambo, na sehemu kubwa ya maneno ya Uganda na Rwanda, hutoka baharini na kupanda nchi kavu katika mji huu wa Mombasa. Hata hivyo, kijana wa Ziwa la Ng'ombe anapocheza mpira wa kwenye simu na mwenzake anayekaa nyumba ya tatu, aghalabu kila mguso wa kidole chake huondoka mtaani, ukazama baharini, ukafika Ulaya au Ghuba au Afrika Kusini, ambako ndiko iliko seva ya mchezo, kisha ukarudi njia iyo hiyo mpaka kwenye simu ya jirani yake. Na binti anayesoma hisabati kwa mtandao, swali lake huweza kuzunguka nusu ya dunia kabla ya kumfikia mwalimu aliyeketi Mlaleo, papa hapa Mombasa.

Nasema tangu mwanzo, ili msomaji ajue nasimama wapi: programu za papo kwa papo, zile za kuchezea na zile za kusomeshea, zaweza kumtumikia mtoto wa mtaa huu vizuri kama zinavyomtumikia mtoto wa London, ila kwa masharti mawili, kwamba seva zake zisogezwe karibu, na kwamba mjenzi wake ayachukue makatizo ya mtandao kuwa ndiyo ada ya maisha, wala si ajali inayotokea mara moja moja.

Tuanze na umbali, maana huo hauna hila. Ndani ya nyuzi za kioo za mkongo mwanga ndio ubebao maneno, na mwendo wake humo ni kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde moja, yaani thuluthi mbili za mwendo wake katika anga tupu. Kwa hesabu hiyo, neno lililotoka Mombasa hulifikia Fujairah kwa milisekunde 25, nayo milisekunde ni sehemu moja katika elfu ya sekunde. Na kwenda na kurudi ni 50, kabla hatujahesabu mitambo inayolipokea na kulipitisha njiani. Ulaya ni mbali zaidi, na safari ya kwenda na kurudi kwa kawaida hupita milisekunde 100. Fundi hana uwezo wa kuupunguza muda huo hata kwa mali ya dunia nzima. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilikwisha kupendekeza kwamba mazungumzo ya watu yakipita milisekunde 150 kwa upande mmoja huanza kuharibika, kwa kuwa wasemaji hukatizana, huyu akidhani mwenziwe amenyamaza kumbe sauti yake ingali safarini. Katika mchezo wa mbio au wa vita taraghani ndogo kuliko hiyo yatosha kumshinda mchezaji hodari, naye atasema simu yake inalagi, hali simu haina kosa.

Yako masafa mengine ambayo hayakuwekwa na Mwenyezi Mungu bali na mpango wa watu. Kabla ya mwaka 2000, Mkenya aliyempelekea barua ya mtandao Mkenya mwenziwe aliye mtaa wa pili, ikiwa kila mmoja amejiunga na kampuni yake, barua hiyo ilipanda kwenye setilaiti, ikaenda ng'ambo, ikarudi. Ndipo kampuni za mtandao zilipokubaliana kukutanisha nyaya zao Nairobi katika kituo kiitwacho KIXP, kilichoanza mwishoni mwa mwaka huo wa 2000. Na mara ileile Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya peke yake katika mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika, mdhibiti wa serikali akaamuru kifungwe, na hakikufunguliwa tena mpaka mwaka 2002. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 kwa ajili ya shirika la Internet Society ulionyesha kwamba kwa sababu ya kituo hicho muda wa maneno ya ndani ya nchi ulishuka kutoka milisekunde baina ya 200 na 600 hata baina ya 2 na 10. Hapana mkongo ulioweza kufanya muujiza wa namna hiyo. Ulifanywa na watu walioketi wakapatana. Mombasa nayo ina kituo chake cha makutano, na vituo vya data vya kukodisha nafasi ya seva vipo, mathalan vile vilivyojengwa na iColo, lakini programu nyingi zinazotumiwa mtaani hazijawekwa humo.

Sasa tuitazame seva yenyewe. Neno kupanuka, katika kazi ya wajenzi wa programu, maana yake ni kwamba programu iliyowahudumia watu mia jana iweze kuwahudumia laki moja kesho, bila kuandikwa upya na bila kumchelewesha yeyote miongoni mwao. Programu ya papo kwa papo ina uzito wake makhsusi, kwa sababu mtu hafungui ukurasa akausoma akaondoka. Hubaki ameunganishwa saa nzima, na seva sharti imkumbuke wakati wote huo, hata anapokuwa kimya. Zamani kivinjari ndicho kilichokuwa kikiuliza kila kitambo kidogo kama pana habari mpya, na wakati mwingi kujibiwa hapana. Tangu Desemba 2011, ilipotangazwa rasmi kanuni ya WebSocket, njia moja hufunguliwa baina ya simu na seva ikaachwa wazi, na kila upande ukasema unapotaka kusema. Mwaka 1999 Mmarekani Dan Kegel aliandika akiuliza vipi mashine moja itaweza kuwahudumia watu elfu kumi kwa wakati mmoja, na swali hilo likaonekana zito. Januari 2012 wahandisi wa WhatsApp walieleza kwamba wamefikisha miunganisho milioni mbili katika seva moja.

Siri yao kubwa ilikuwa lugha ya programu iitwayo Erlang, iliyobuniwa katika kampuni ya Ericsson ya Uswidi kuanzia mwaka 1986 na Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams, kwa ajili ya mitambo ya simu isiyoruhusiwa kusimama. Msomaji aliyepitia chuo cha Kurani anaikumbuka baraza ambayo watoto hamsini husoma kwa sauti, kila mmoja aya zake, huyu yu katika Alhamdu na yule amefika Yasini, na mwalimu mmoja awasikiliza wote, hamngojei mmoja akamilishe juzuu ndipo amsikilize wa pili. Na mtoto akikosea hurudishwa nyuma yeye peke yake, wenziwe wakiendelea na masomo yao. Erlang huigawa kazi ya seva kwa namna hiyo: kila mtu aliyeunganishwa hupewa kazi ndogo iliyojitenga, isiyogusa kumbukumbu ya nyingine, na ikianguka huanzishwa upya pale pale bila zile nyingine kujua. José Valim, Mbrazili, alijenga juu ya msingi huo lugha ya Elixir, na Chris McCord akajenga Phoenix, ambayo mwaka 2015 nayo ilifikisha miunganisho milioni mbili katika mashine moja. Navitaja vyombo hivi kwa kuwa vyote hupatikana bure, na kijana wa Mombasa mwenye kompyuta ya wastani na subira ya kusoma aweza kuanza navyo leo.

Mchezo wa wengi una hesabu yake inayotisha. Wachezaji 100 wakiwa katika uwanja mmoja, na kila mmoja akitakiwa ajue alipo kila mwenziwe, habari zinazopita kwa kila zamu ni 9,900. Na kwa kuwa seva hupeleka zamu hizo, tuseme, mara 20 kwa sekunde, jumla ni habari 198,000 kila sekunde kwa mchezo mmoja tu. Wajenzi huipunguza kwa kumpa kila mchezaji habari za walio karibu naye peke yao, na kwa kupeleka kilichobadilika tu badala ya kurudia kila kitu. Kuhusu umbali, John Carmack mwaka 1996, katika mchezo wa QuakeWorld, aliuzoeza ulimwengu njia ya kubashiri: kompyuta ya mchezaji haingojei ruhusa ya seva ili kumsogeza shujaa wake, bali humsogeza papo hapo, kisha jibu la seva likija hujisahihisha kidogo kidogo. Ndiyo maana michezo fulani huchezeka Ziwa la Ng'ombe hata kama seva yake iko Frankfurt, na mingine, iliyojengwa na watu wasiowahi kucheza kwa mtandao dhaifu, haichezeki kabisa.

Darasa si mchezo. Mwalimu hawezi kubashiriwa, wala swali la mwanafunzi haliwezi kukisiwa kabla halijaulizwa. Wengi waliitambua tofauti hii baada ya tarehe 15 Machi 2020, serikali ya Kenya ilipotangaza kufungwa kwa shule zote kwa sababu ya korona, na masomo yakahamia redioni, katika televisheni na, kwa wale waliojaliwa, kwenye mtandao. Darasa la wanafunzi 40, ikiwa kila simu itapeleka picha yake moja kwa moja kwa kila simu nyingine, lahitaji mikondo 1,560 ya picha, jambo ambalo mtandao wa nyumba nyingi za Kisauni hautaliweza. Kwa hiyo katikati huwekwa seva inayopokea mkondo mmoja wa mwalimu na kuugawa kwa wote, na hapo kila mwanafunzi hubaki na mkondo mmoja tu wa kupokea.

Hata huo mmoja una gharama yake. Picha ya wastani ya kilobiti 500 kwa sekunde, kwa kipindi cha dakika 40, hula kiasi cha megabaiti 150 za bando. Sauti peke yake, ikikandamizwa kwa kanuni ya Opus iliyotolewa mwaka 2012, yaweza kusikika vizuri kwa kilobiti 32, na kipindi hicho hicho kitakula chini ya megabaiti 10. Na maandishi ya ubaoni, yakipelekwa kama safari za kalamu badala ya kupigwa picha, yaani hapa mstari umeanza na pale umekwisha, huwa madogo hata hayastahili kuhesabiwa. Mzazi anayenunua bando la siku kwa pesa aliyoipata siku hiyo hiyo huijua tofauti ya 10 na 150 kuliko mhandisi yeyote. Kwa sababu hiyo naona ni dhuluma programu ya masomo inapomfungulia mtoto picha bila kumwuliza, kwani uso wa mwalimu una faida yake, ila sauti yake na ubao wake ndivyo vinavyofundisha hesabu za sehemu, na mtoto aliyeishiwa na bando dakika ya kumi na tano hana uso wala ubao.

Ipo programu iliyojengwa kwa fikra hiyo ya darasa tangu mwanzo wake, nayo ni BigBlueButton, iliyozaliwa mwaka 2007 katika Chuo Kikuu cha Carleton, Ottawa, nchini Kanada; sasa ina ubao, mkono wa kuinua na vyumba vya makundi, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Hapa Kenya ulichukuliwa na KENET, mtandao wa vyuo vikuu na taasisi za utafiti ulioanzishwa mwaka 1999, ukawekwa katika seva zilizomo humu nchini ili wahadhiri waweze kukutana na wanafunzi wao. Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa anayelala Kisauni, tofauti baina ya seva iliyo Nairobi na iliyo ng'ambo ni tofauti ya mhadhara unaosikika na mhadhara unaokatika katikati ya maneno. Na idadi ya madarasa ikizidi nguvu ya seva moja, huongezwa ya pili na ya tatu, na mbele yake huwekwa mgawaji anayelipeleka kila darasa jipya kwenye seva iliyo na nafasi. Darasa moja haligawanywi. Huwekwa zima mahali pamoja. Ni njia nyepesi kuieleza na nyepesi kuitunza, nami naipenda kuliko mipango ya fahari inayohitaji jeshi la mafundi.

Sasa nije kwenye makatizo, ambayo ndiyo yanayonishughulisha zaidi. Februari 2012 nanga ya meli iliukata mkongo wa TEAMS karibu na Mombasa. Na Mei 2024 EASSy na SEACOM ilikatika kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Kenya ikiwamo, zikabaki na mtandao wa kuchechemea. Hayo ni makubwa yanayoandikwa magazetini. Madogo hayaandikwi, nayo ni ya kila wiki: stima hupotea mtaani, mnara wa simu huelemewa jioni watu wote warudipo makwao, nyumba zilizosongamana chini ya mabati huzuia mawimbi, bando huisha, na simu yenye betri chakavu hujizima yenyewe.

Hebu tufikiri stima imepotea Ziwa la Ng'ombe saa moja ya jioni, wakati wanafunzi mia tatu wamo katika somo la marudio, na baada ya dakika chache ikarudi. Simu zote mia tatu, na mitambo ya mtandao ya nyumbani pamoja nazo, hukimbilia seva kwa nukta moja. Seva ikielemewa huwakataa, nazo hujaribu tena, zote pamoja, ikaelemewa tena. Na hivyo programu iliyookoka giza huuawa na mwanga. Dawa yake ni ya zamani na ilitoka visiwani. Mwaka 1971 katika Chuo Kikuu cha Hawaii, Norman Abramson na wenzake waliunganisha visiwa kwa redio katika mtandao wa ALOHAnet, na vituo viwili viliposema kwa pamoja maneno yakagongana, kila kimoja kilingoja kwa muda wa kubahatisha, usiolingana na wa mwenziwe, ndipo kikasema tena. Programu nzuri hufanya vivyo hivyo, na ikikataliwa mara ya pili huongeza muda wa kungoja, na mara ya tatu huuongeza zaidi. Ni mistari michache tu ya msimbo, na mjenzi aliyejifunza kazi yake katika mji usiopotelewa na stima aghalabu huisahau.

La pili ni kwamba simu iliyorudi isianzishwe upya kana kwamba haikuwapo. Kila tukio la darasa au la mchezo lipewe namba yake, na simu iliyokatika ikirudi iseme, nilifika namba 412, seva iipe 413 na kuendelea. La tatu ni kwamba jambo likipelekwa mara mbili lihesabiwe mara moja. Aliyetuma pesa kwa simu na mtandao ukakatika kabla ya jibu anaijua hofu hiyo, haelewi atume tena au angoje. Na mwanafunzi aliyebonyeza jibu la mtihani ana hofu iyo hiyo. Kila ujumbe ubebe alama yake ya pekee, ili seva ikiupokea tena iutambue na kuujibu bila kuutenda mara ya pili.

Wako waliolielewa hitaji hili mapema, bila kungoja simu za bei kubwa. Eneza Education ya Nairobi ilisomesha kwa ujumbe mfupi katika simu za kawaida, huduma yake ya Shupavu 291 ikimpa mwanafunzi masomo, majaribio na nafasi ya kumwuliza mwalimu swali, na mwaka 2020 Safaricom iliruhusu itumike bila malipo kwa muda. Hapana picha humo, wala sauti. Lakini ujumbe mfupi hungoja mnara urudi, kisha hufika.

Nayo BRCK, pia ya Nairobi, mwaka 2015 ilitoa Kio Kit, sanduku linalostahimili maji lenye tableti 40 na seva ndogo ndani yake, ambayo huyashika masomo humo humo darasani na kuyapata mapya mtandao unapokuwapo. Huo ndio ukaribu wa mwisho wa seva: iko chumba kimoja na watoto, na neno lao halisafiri kilomita 5,000 wala 5. Sanduku la namna hiyo likiwekwa katika shule moja ya Ziwa la Ng'ombe, likaandikiwa mchezo wa mashindano ya hisabati kwa kanuni nilizozitaja, wanafunzi arobaini wataweza kushindana papo kwa papo siku ambayo stima imepotea na mnara umenyamaza, alama za kila mmoja zikiwa zimehifadhiwa kwa namba zake, zingoje mpaka mtandao urudi ndipo zipelekwe kwa mwalimu mkuu na kwa wazazi.